Jicho la Mchumaji na Dawa Mpya za Kuliponya



Msimu wa karafuu ukikaribia, desturi yetu katika kurasa hizi ni kuzungumza juu ya majamvi, kamba na magunia. Safari hii tumeona vyema kuzungumza juu ya kitu kisichouzwa dukani, na ambacho hapana mchumaji awezaye kupanda mkarafuu bila ya hicho. Nacho ni jicho.

Sababu yenyewe ni kuwa wanachama kadha wametuuliza juu ya khabari zilizoenea, kwamba siku hizi iko dawa ya matone inayootesha upya ngozi ya jicho lililoumia. Wengine wamesikia kuwa asili ya dawa hiyo ni mate ya panya. Na wako waliofurahi wakasema kuwa basi sasa mtu akichomwa na kijiti asiwe na khofu, maana dawa ipo. Khabari hizi zina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo umechanganyika na makosa, na kosa moja tu katika jambo la jicho laweza kumfanya mtu awe chongo maisha yake yote. Kwa hivyo tumeyapanga mambo haya hapa, ili kila mmoja ayasome na amsomee na mwenzake asiyejua kusoma.

JICHO LILIVYO

Sehemu ya mbele ya jicho, ile iliyoifunika mboni kama kioo kinavyoufunika uso wa saa, wataalamu huiita konea. Unene wake hapo katikati ni kiasi cha nusu milimita tu. Haina mshipa wa damu hata mmoja, na ndiyo maana ikawa safi na kupitisha mwanga. Juu yake imevikwa ngozi nyembamba mno, yenye tabaka tano mpaka saba za chembe hai. Chembe hizo huchakaa na kuondoka kila siku, na nyengine huja kushika mahala pao, hata kwa muda wa siku saba mpaka kumi ngozi yote huwa imebadilika.

Chembe mpya zatoka wapi? Mkulima wa karafuu hataona tabu kufahamu. Pale penye mpaka baina ya weusi na weupe wa jicho pana ukingo mwembamba uliozunguka pande zote. Ukingo huo ndio kitalu. Humo miche huoteshwa, kisha huhamishwa kidogo kidogo kuelekea katikati. Kitalu kikiwa kizima, shamba halikosi miche. Kitalu kikiungua, kwa mfano mtu akirukiwa na chokaa mbichi, basi ngozi ya weupe wa jicho pamoja na mishipa yake ya damu hutambaa na kuifunika konea, kama magugu yanavyovamia shamba lililoachwa.

Tawi linapoikwaruza ngozi ile ya juu, mambo mawili hufuatana. Kwanza, chembe zilizo pembezoni mwa kidonda hujinyoosha, zikajitandaza na kutambaa mpaka zikutane katikati. Pili, huanza kuzaana ili kurejesha unene uliopungua. Kidonda kidogo kisichoingiwa na vijidudu hufunga kwa siku moja mpaka tatu, wala hakiachi alama.

KITU KINACHOTOA AMRI

Sasa ni nani anayeziamrisha chembe hizi zitambae na zizaane? Jawabu ya swali hili ilipatikana kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia.

Mama mmoja wa Kiitalia, Rita Levi-Montalcini, aliyezaliwa katika mji wa Turin mwaka wa 1909, alikuwa daktari akisomea mishipa ya fahamu. Sheria za ubaguzi za mwaka wa 1938 zilimfukuza katika kazi ya chuo kikuu kwa kuwa ni Myahudi. Hakukata tamaa. Alifanya chumba chake cha kulala kuwa maabara, akaendelea na uchunguzi kwa kutumia mayai ya kuku. Baada ya vita, katika mwaka wa 1947, alikwenda mji wa St. Louis, Marekani, na huko katika miaka ya 1950 alifanya kazi pamoja na mtaalamu wa kemia jina lake Stanley Cohen. Wawili hao walivumbua kuwa mwili hutengeneza kitu maalumu kinachoifanya mishipa ya fahamu iote na kuishi. Walipokitafuta, walikikuta kwa wingi katika tezi za mate za panya.

Cohen alipowapiga sindano watoto wa panya waliozaliwa karibuni kwa maji yaliyotokana na tezi hizo, aliona jambo la ajabu. Kwa kawaida mtoto wa panya hufumbua macho akiwa na umri wa kiasi cha wiki mbili. Hawa walifumbua siku ya saba au hata kabla yake, na meno yao pia yaliota upesi. Mtu mwengine angeliona kuwa ni upuuzi, akaendelea na kazi yake. Cohen alishika jambo hilo hilo akalifuata, na katika mwaka wa 1962, akiwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt katika mji wa Nashville, aliandika kuwa amekipata kitu chenyewe. Ni protini ndogo sana, mnyororo wenye vipande 53 tu, na kazi yake ni kuihimiza ngozi ya juu ikue. Cohen na Bibi Levi-Montalcini walipewa Tunzo ya Nobel katika mwaka wa 1986.

Vitu vya namna hii, ambavyo leo vinajulikana kuwa ni vingi, sisi katika makala haya tutaviita vikuzaji. Kila kikuzaji ni kama ufunguo. Juu ya chembe hai yako makomeo, na ufunguo ukikutana na komeo lake, chembe hupokea amri: tambaa, zaa, usife. Pasipo komeo lake ufunguo haufanyi kazi yo yote.

Tena yafaa ieleweke kuwa kikuzaji hiki cha ngozi hakimo katika panya peke yake. Kimo katika machozi ya binadamu. Tezi ya machozi hukitoa, na kila tunapopepesa kope huenea juu ya konea. Kwa hivyo mtu aliyechomwa jichoni, akabubujikwa na machozi, dawa ile ya ajabu iliyosifiwa anayo tayari. Mwenyezi Mungu amemwekea.

DAWA ZILIZOTENGENEZWA

Baada ya kuvumbuliwa vikuzaji, madaktari walifikiri kuwa wakivitia katika matone, vidonda vyote vya jicho vitafunga kwa haraka. Kikuzaji cha ngozi kimejaribiwa kwa watu katika nchi kadha. Matokeo hayakuwa ya namna moja: mahala pengine kidonda kilifunga mapema zaidi, na mahala pengine haikuonekana tofauti kubwa. Huko China matone ya aina hii yametumika hospitalini kwa miaka mingi, lakini katika nchi nyingi hayakuwa dawa ya kawaida. Jambo hili halistaajabishi. Shamba lenye maji ya kutosha, ukiliongezea ndoo mbili za maji, mavuno hayazidi. Jicho zima lililokwaruzwa lina kikuzaji chake katika machozi.

Palipopatikana faida kubwa ni kwa jicho lililopungukiwa, khasa lile lisilouma.

Huenda msomaji akasema kuwa jicho lisilouma ni jicho lenye bahati. Sivyo. Konea ina mishipa ya fahamu mingi mno, na mishipa hiyo, licha ya kuleta maumivu, huilisha ngozi ya juu na kuamrisha kope zipepese na machozi yatoke. Mishipa ikifa, kwa mfano baada ya mkanda wa jeshi uliopanda usoni, au kwa kisukari cha muda mrefu, au kwa ukoma, jicho huwa kama shamba lisilo na mlinzi. Kidonda hutokea bila ya mwenyewe kuhisi, hakifungi, na huendelea kuchimba mpaka konea itoboke.

Katika mwaka wa 1998 madaktari wa Italia waliandika juu ya wagonjwa 12 wa namna hii, wenye macho 14 yaliyokuwa na vidonda vilivyokataa kupona. Waliwatia matone ya kikuzaji kile cha kwanza, cha mishipa ya fahamu, kilichopatikana kutoka kwa panya. Macho yote 14 yalipona. Baadaye ilipatikana njia ya kutengeneza kikuzaji cha binadamu kwa kutumia bakteria, bila ya haja ya panya. Dawa hiyo, iitwayo cenegermin, ilipewa idhini katika nchi za Ulaya mwaka wa 2017, na Marekani mwaka wa 2018. Hutiwa mara sita kila siku kwa muda wa wiki nane. Katika majaribio mawili yenye wagonjwa 151, waliotiwa dawa hii walipona kabisa 70 katika kila 100, na waliotiwa matone yasiyokuwa na kikuzaji walipona 28 katika kila 100.

Bei yake huko Marekani ni makumi ya maelfu ya dola kwa jicho moja. Mwenye shamba auze karafuu zake za misimu mingapi ili ainunue?

Iko njia nyengine iliyo karibu zaidi na uwezo wa watu. Damu ya mgonjwa mwenyewe ina vikuzaji vya aina nyingi. Basi huchukuliwa damu kidogo mkononi, ikaachwa igande, kisha ikazungushwa kwa mashine mpaka yakajitenga maji yake ya manjano. Maji hayo huchanganywa na maji safi ya chumvi yaliyopimwa, mara nyingi sehemu moja kwa nne, yakawa matone. Tangu miaka ya 1970 na 1980 madaktari wameyatumia kwa macho makavu na kwa vidonda vilivyokawia kufunga. Hapana ufundi mkubwa, lakini pahitajiwa maabara safi na barafu ya kuyahifadhi, maana matone haya yakiingia uchafu huoza upesi na kuwa sumu. Si kazi ya kufanywa nyumbani hata kidogo.

LISILOFANYWA NA KIKUZAJI

Hapa ndipo tunapowaomba wanachama wetu watusikilize vizuri. Kikuzaji ni mwashi, si askari. Hujenga palipobomoka, lakini hakiui kijidudu. Na hatari ya kijiti cha mkarafuu haimo katika mkwaruzo wenyewe. Imo katika yale yanayoingia pamoja nao. Majani na magome ya nchi zetu za joto na unyevu yana kuvu za namna nyingi na bakteria. Vikipata mlango katika ngozi ya konea, huota humo kama ukungu katika karafuu zilizofungwa gunia mbichi. Hapo jicho huwa jekundu, maumivu huzidi badala ya kupungua, na doa jeupe huonekana. Hata likipona, mara nyingi huacha chamba, na chamba kilichokwisha kukita hakiondolewi na tone lo lote la kikuzaji.

Je, mkwaruzo unaweza kuzuiwa usifike huko? Waweza, na ushahidi wake hautoki katika maabara ya gharama. Umetoka vijijini, katika wilaya ya Bhaktapur huko Nepal, nchi ya milima iliyo kaskazini ya Bara Hindi. Baina ya mwaka wa 1991 na 1993 wahudumu wa afya wa vijiji waliwatazama watu 34,902. Kila aliyeumia jicho aliambiwa aje upesi, na aliyeonekana kuwa na mkwaruzo wa konea alitiwa marhamu ya macho ya kloramfenikoli mara tatu kwa siku, kwa siku tatu. Ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Watu 442 walikuwa na mkwaruzo, na 424 kati yao walipona bila ya kidonda kuoza.

Lakini tazameni mpango wa saa. Waliotiwa dawa kabla ya kupita saa 18 walikuwa 284, na hapana hata mmoja aliyepata kidonda kibaya. Waliokuja baada ya saa 18, kabla ya kutimia 24, walikuwa 109, na wanne waliharibikiwa. Waliokuja baina ya saa 24 na 48 walikuwa 49 tu, na kumi na wanne kati yao waliharibikiwa. Hiyo ni zaidi ya robo yao. Dawa ilikuwa ile ile, na tofauti ilikuwa katika muda.

Mtu aliyechomwa na kijiti saa nne ya asubuhi, saa 18 zake zinakwisha saa kumi ya alfajiri. Maana yake ni kuwa aende siku ile ile, asingoje kesho.

DAWA ZA NYUMBANI

Twajua kuwa wako watakaosema: kama mate ya panya yana dawa, na machozi yana dawa, basi hata mate ya mtu na maziwa ya mama yana dawa. Twakiri kuwa maneno haya si ya kijinga. Maziwa ya mama kweli yana kikuzaji cha ngozi ndani yake. Lakini Cohen hakuwatemea mate panya wake. Alikitenga kitu kimoja kutoka katika uchafu wote uliokizunguka, na kazi hiyo ilimchukua miaka. Anayetia mate jichoni hutia na vijidudu vya kinywa. Anayetia maziwa hutia na sukari inayovilisha vijidudu hivyo. Anayetia mkojo aweza kutia kijidudu cha kisonono, ambacho huitoboa konea kwa muda mfupi sana. Maji ya majani yaliyopondwa huweza kuwa na kuvu zile zile za tawi. Na mafuta ya karafuu na ya makonyo, ambayo ni fahari yetu, huiunguza konea. Kamwe yasikaribishwe jichoni. Uchunguzi uliofanywa Tanzania Bara na kutangazwa mwaka wa 1994 ulionyesha kuwa kiasi cha robo ya wagonjwa wenye vidonda vya konea walikuwa wametumia dawa za kienyeji machoni.

Hali kadhalika jihadharini na chupa za matone zilizobaki nyumbani. Yako matone yenye steroidi, ambayo hupunguza wekundu na kumfanya mtu adhani amepona, huku kuvu ikipata nafasi ya kuenea. Na matone ya ganzi ambayo daktari humtia mtu ili amtazame, hayafai kutumiwa nyumbani. Ukilinyamazisha jicho unaliondolea mlinzi wake.

LA KUFANYA

1. Jicho likichomwa, usilisugue. Lioshe kwa maji safi, na aliye na mikono yenye karafuu aikoshe kwanza.

2. Kitu kikiwa kimekita ndani ya jicho, usikichomoe. Liwekee kikombe kisafi juu yake bila ya kulibana, na mpeleke mgonjwa hospitali.

3. Chokaa, asidi au dawa ya shamba ikiingia jichoni, anza kumwagia maji pale pale, kwa muda wa nusu saa, ndipo uende hospitali. Ukitangulia kwenda, kitalu kitakuwa kimekwisha ungua njiani.

4. Nenda kituo cha afya siku ile ile, hata kama jicho halikuumi sana. Mwambie mhudumu kuwa umechomwa na tawi la mti, maana neno hilo humkumbusha juu ya kuvu.

5. Maumivu yakizidi siku ya pili, au likionekana doa jeupe, usikae na marhamu peke yake. Takiwa upelekwe kwa daktari wa macho.

6. Mwenye kisukari, au aliyepata mkanda wa jeshi usoni, alitazame jicho lake katika kioo kila siku. Kwake yeye maumivu si shahidi wa kutegemewa.

Tuna neno moja la mwisho kwa wenye mashamba. Mchumaji hulipwa kwa kadiri ya alichochuma, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mtu kuficha jicho lake, akaendelea kuchuma mpaka jua lichwe, na kesho yake tena. Kwenda kituoni ni kupoteza pishi kadha za siku hiyo. Twawaomba wenye mashamba wamlipe mtu wa namna hiyo siku yake kamili, na wamwambie hivyo mapema, kabla hajapanda mti. Malipo ya siku moja ni kitu kidogo kwa shamba, na jicho la mtu halina bei. Tukifanya hivyo, wengi wa wachumaji wetu hawatakuwa na haja ya dawa ile ya makumi ya maelfu ya dola, kwa kuwa ile waliyopewa bure itakuwa imepata nafasi ya kufanya kazi yake.

Twawatakia msimu mwema na wa salama.